Tuisheni ya kusoma ya Langoni: mihula miwili ya "umejuaje?"

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa Lamu, hasa wenye watoto wa gredi ya nne mpaka ya sita, manake nimeulizwa mara nyingi kwenye grupu na kila mara najibu nusu nusu. Ni ile tuisheni ya kusoma ya mwalimu mstaafu wa Langoni, nyumba yenye daka ndogo ukikata kichochoro kuelekea upande wa msikiti wa Riyadha. Jina lake siandiki kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa, lakini ukifika Langoni ukauliza yule mama anayefundisha watoto kusoma utaonyeshwa na mtu wa kwanza tu. Kijana wangu amemaliza mihula miwili pale kwa hiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Nianze na shida yenyewe ndio mtu ajue kama ni yake pia. Kijana wangu anasoma, tena anasoma kwa sauti vizuri kabisa, hakwami, nukta anaisimamia, bibi yake akimsikia anasema mashallah huyu atakuwa msomaji wa habari. Sasa muulize Juma alienda wapi, atakwambia sokoni, kwa sababu imeandikwa sokoni. Muulize kwa nini Juma alirudi mbio, hapo kimya. Anarudi kwenye mistari na kidole anatafuta neno "kwa sababu", asipoliona kwake jibu halipo. Na hadithi yenyewe imesema mawingu yalikuwa meusi na Juma alikuwa ameanika nguo za mamake! Mimi nilidhani ni uvivu, nikamgombeza, na leo najuta kumgombeza kwa sababu mtoto hakuwa mvivu, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna majibu ambayo hayajaandikwa na ni halali kuyatafuta.

Kabla ya hapa nilimpeleka tuisheni nyingine, jina lake silitaji. Kule walimfundisha ujanja mmoja tu, chukua neno la swali, litafute kwenye kifungu, nakili sentensi nzima. Ujanja ule ulifanya kazi gredi ya tatu. Alipopanda juu maswali yakageuka, yakawa "unafikiri kwa nini", "ni tabia gani ya mzee inayojitokeza", "kichwa kinachofaa ni kipi", na ujanja ukafa. Kuna siku alirudi na kifungu cha mtoto wa nchi ya baridi, amevaa kofia ya sufu na glavu, akipumua unatoka moshi mdomoni. Swali, hali ya hewa ilikuwaje. Kijana wangu akaandika "joto kali". Akapigwa alama kubwa nyekundu, hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipomuuliza mimi akanambia, mama, moshi unatoka kwenye moto.

Nilikaa na hilo jibu siku mbili. Manake amefikiria! Moshi kweli unatoka kwenye moto, hajawahi kuona pumzi ya mtu ikigeuka moshi, hapa kwetu hata asubuhi ya kusi ikivuma na mvua hakuna mtu anatoa moshi. Yaani alitumia akili alichokosa ni habari. Na yule aliyesahihisha hakuona tofauti.

Ndio jirani akanielekeza kwa huyu mama. Siku ya kwanza nilienda na ile karatasi, nikamwonyesha. Akaisoma, akamgeukia kijana, akamuuliza kwa upole, "Umejuaje kuna joto, baba?" Kijana akaeleza moshi. Mwalimu akasema sawa, fikra yako imenyooka, sasa nikuongeze kitu kimoja usichokijua. Akaingia ndani akarudi na kioo kidogo alichokitoa frijini, akakipumulia, kikafunga ukungu. Akamwambia hiyo pumzi yako ina maji, ikikutana na ubaridi inageuka vitone vidogo unaviona, kwenye nchi za baridi hewa yote ni kama kioo hiki. Soma tena. Kijana akasoma, akasema, "Aa, basi ni baridi, na ndio mana kavaa glavu." Dakika tano hazikufika, na lile "na ndio mana" lilitoka kwake mwenyewe, vidokezo viwili ameviunganisha bila kuambiwa. Nikalipa palepale.

Bei ni shilingi 1,200 kwa mwezi, siku mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumapili baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi, kwa hiyo haigongani na chuo cha Qurani. Ramadhani anabadilisha saa. Unaweza kutuma kwa M-Pesa au kumpa mkononi, na ukiwa na watoto wawili anapunguza bila kuombwa.

Sasa mafunzo yenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio nilichokilipia. Wazazi anawaruhusu wakae nyuma muhula wa kwanza, nimekaa mara kama sita hivi. Haanzi na kitabu. Wiki za mwanzo watoto hawafungui kitabu kabisa, anaanza na vile vitu wanavyovisoma kila siku bila kujua kama wanasoma. Anawauliza, mashua za wavuvi zimerudi kabla ya adhuhuri na tanga zimeshushwa, mnajua nini? Mikono juu yote! Bahari imechafuka, au wamepata samaki mapema, au injini imekufa. Anawauliza tena, mtajuaje ni ipi kati ya hizo tatu? Kimya kidogo, alafu mtoto mmoja wa Matondoni akasema angalia makapu yao mwalimu, kama yako mazito walipata. Basi hilo ndilo somo. Kijana wangu mjomba wake ana boti ya Mokowe, haya mambo anayajua tangu hajaenda shule, na pale nilimwona kwa mara ya kwanza anajibu swali la "kwa nini" bila kutafuta kidole chake kiko wapi.

Vitendawili navyo. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Watoto wote yai yai yai. Anawasimamisha, umejuaje ni yai, kwa nini isiwe kaburi, kwa nini isiwe nazi? Na nazi nao wakaitetea kwelikweli, wakabishana mpaka mmoja akasema nazi ina macho matatu, moja ni laini, mche unatokea hapo, kwa hiyo mlango inao. Mwalimu alifurahi sana siku ile.

Kisha kanga. Aliwaambia kila mtu aje na jina la kanga moja ya nyumbani, aandike nani anamwambia nani na kitu gani kimetokea kabla. Binti mmoja akaleta "Japo sipati tamaa sikati". Wengine wanasema ni mtu anatafuta kazi, wengine ni mtu anataka kuoa akakataliwa, mwingine akasema ni mvuvi. Mwalimu akakubali zote tatu lakini akawauliza ni neno gani linawaambia kwamba huyu mtu amejaribu tayari na hajafanikiwa. Wakatafuta. "Japo". Neno dogo vile, wengi walikuwa wanalipita tu.

Hapo ndipo nikaelewa anakokwenda. Huyu mama anafundisha maneno madogo. "Tena", "hata", "bado", "angalau", "japo". Anaandika ubaoni, Leo Ali amechelewa tena. Jana ilikuwaje? Haikuandikwa, lakini "tena" imesema. Hata Juma alikuja. Juma ni mtu wa kuja? Si mtu wa kuja, "hata" imemtoa. Alafu akaandika hii ambayo mimi mwenyewe nilisimama kuifikiria, Zuhura alimrudishia Amina mwavuli. Mwavuli ni wa nani? Watoto wengi wakasema wa Zuhura kwa sababu ndio jina la kwanza. Akawauliza mtu anarudishiwa kitu cha nani, wakacheka wenyewe, wa Amina. Na Zuhura aliutumia lini? Wakati wa mvua. Mvua saa hii inanyesha? Hapo wakagawanyika, mmoja akasema hainyeshi kwa sababu mwavuli umerudi, mwingine akasema huenda inanyesha ila Zuhura ameshafika kwao. Mwalimu akasema hapo sentensi imeishia, hatujui, na kusema hatujui ni jibu pia. Kiswahili chetu kinaficha mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja, sisi tunasema tu siku zote hatuangalii.

Kitabu kinapofunguliwa kila mtoto anapiga mistari miwili kwenye daftari zinatoka safu tatu, ya kwanza NIMESOMA, ya pili NAJUA, ya tatu KWA HIYO. Hairuhusiwi kuandika ya tatu kabla mbili za kwanza kuwa na kitu. Kuna kifungu kifupi aliandika mwenyewe ubaoni nikakinakili, mzee amekaa gatini tangu asubuhi, kahawa yake imejaa kikombe na imepoa, watu wanampita wanamsalimia haitikii, kila boti ikifunga anasimama kisha anakaa. Kijana wangu akaandika, nimesoma kila boti ikifunga anasimama, najua mtu akisimama boti ikifika anampokea mtu, kwa hiyo kuna mtu anamngoja hajafika. Vizuri. Mtoto wa pembeni akaandika mwanawe amekufa baharini. Mwalimu akaenda akakaa naye, hakumwambia umekosea, akamwambia nionyeshe safu ya kwanza. Ilikuwa tupu. Akamwambia, hilo umelileta wewe, hadithi haijalileta, labda ni kweli lakini hujanionyesha. Mtoto akarudi akasoma mara ya pili akabakisha "ana wasiwasi", na ushahidi akaweka kahawa iliyopoa.

Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu niliogopa akifundishwa kukisia atakuwa mtoto wa kubuni tu. Kumbe kung'amua na kubahatisha ni vitu viwili, na watoto wake wanajua mpaka uko wapi.

Siku ya wazazi alitueleza haya mambo hakuyaota. Akatuambia kule Uingereza watafiti wawili, Nicola Yuill na Jane Oakhill, walichapisha mwaka 1988 kazi waliyofanya na watoto wa miaka saba na nane wanaosoma maneno vizuri lakini hawaelewi walichosoma, yaani kama wangu kabisa. Kundi moja wakalifundisha kutafuta neno lenye kidokezo na kujitungia maswali, kundi lingine wakalizidishia mazoezi ya kusoma maneno haraka haraka. Wale watoto wasioelewa waliofundishwa kung'amua ndio waliopanda zaidi kwenye kuelewa. Nilipokuwa nasikiliza nikakumbuka mimi mwaka mzima nilimzidishia kusoma kwa sauti kila usiku nikidhani ndio dawa.

Na akataja nyingine ya Marekani ya mwaka huohuo, ya Donna Recht na Lauren Leslie, waliwasomesha wanafunzi 64 hadithi ya mchezo wa besiboli. Wale wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo waliielewa hadithi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ndio ule moshi wa kijana wangu. Mtoto wa Lamu mpe kifungu cha kaskazi na jahazi atakung'amulia mpaka uchoke, mpe cha theluji anaonekana mjinga, na mtoto ni yuleyule, akili ni ileile. Kwa hiyo huyu mama kabla ya kifungu cha mambo ya mbali anawapa kwanza dakika kumi za kuzungumza, picha, kitu cha kushika, ndipo wasome. Ingekuwa shule zetu zote zinafanya hivi tu, hizo dakika kumi, watoto wangapi tusingewaita wazito.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu nataka aziondoe si kwa kumharibia. Kwanza watoto wamezidi. Tulianza walikuwa kumi na wawili, sasa wamefika ishirini na kitu, chumba ni cha chini kile, kirefu na chembamba kama nyumba zetu zilivyo, walioko mwisho hawaoni ubao vizuri. Safu tatu zinataka mwalimu apite kwa kila mtoto na kwa idadi hiyo hapiti kwa wote, kuna wiki mbili daftari ya kijana wangu haikuguswa. Nilimwambia, akasema anatafuta kijana wa chuo cha ualimu amsaidie, mpaka leo hajaja.

Pili Kiingereza. Kwa Kiswahili huyu mama hana mfano, lakini vifungu vya Kiingereza anatumia vitabu vya zamani sana, mambo ya treni za makaa na bustani za Ulaya, na pale ile kazi yake nzuri ya kuwapa habari kwanza inakula kipindi chote wanabaki na dakika chache za kusoma. Mwenye mtoto shida yake ni Kiingereza aulize kwanza.

Tatu hafanyi mitihani. Hakuna karatasi za kuchagua a b c d, hakuna kukimbizana na saa. Kwa wenye watoto wa gredi ya sita wanaokwenda kufanya KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, hili ni la kufikiria, wangu yuko ya tano sikujali. Ila nimeona kitu, hata kwenye maswali ya kuchagua sasa anakata yale majibu mawili ambayo hayana ushahidi kabla hajachagua, na hilo hakufundishwa kama ujanja, limetoka kwenye zile safu.

Na kelele za nje, punda wa mchanga na matofali wanapita dirishani muda wote, hilo wa Lamu tumezoea.

Matokeo. Ripoti ya muhula uliopita kwenye ufahamu imetoka "anakaribia matarajio" imekuwa "anafikia matarajio". Siyo miujiza na insha bado inamsumbua. Muhula wa kwanza wote sikuona kitu kwenye alama, nikakaribia kumtoa, baba yake ndiye aliyesema mwache amalize. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto usitegemee mwezi mmoja, hawa wanaanza na mashua na kanga, alama zinakuja nyuma.

Lakini nyumbani niliona mapema kuliko ripoti. Siku moja bibi yake alituma ujumbe wa simu, kaandika tu "Msipike samaki, mjomba wenu amepita hapa". Mimi nilisoma nikaweka simu chini. Kijana akaichukua akasoma, akasema mama, mjomba ameacha samaki kwa bibi na bibi anatuletea, tena wamekwisha kupikwa. Nikamuuliza umejuaje wamepikwa? Akafikiria, akasema, "Bibi hakusema tusikaange wala tusinunue, amesema tusipike. Lakini la kupikwa sina hakika sana, hilo nimelileta mimi." Bibi akaja saa moja usiku na sufuria la samaki wa kupaka. La kwanza alilipata, la pili alilipata, na kuweka kando lile asilokuwa nalo na ushahidi akajua. Mtoto wa miaka kumi na moja. Nilimkumbatia akashangaa kwa nini.

Mimi pia nimebadilika namna ya kumuuliza. Zamani nilikuwa nauliza "umeelewa?", anasema ndio, tunafunga kitabu. Sasa nasoma naye ukurasa mmoja tu, nauliza swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa, na akijibu, sahihi au siyo sahihi, nauliza umejuaje. Wakati mwingine jibu lake silo nililokuwa nalo mimi lakini ushahidi wake una nguvu kuliko wangu, namwachia.

Nampa nyota nne. Ya tano naiweka mpaka apate msaidizi au apunguze watoto. Anayetaka kumpeleka wake aende mwenyewe Jumamosi, akae nyuma asikilize kipindi kimoja bure, mwalimu hakatai, na abebe daftari ya mistari mipana kwa sababu zile safu tatu hazitoshi kwenye ndogo. Fikeni kabla ya saa kumi na nusu kama mnataka mtoto akae mbele karibu na ubao, sisi siku hizi tunatoka nyumbani mara tu baada ya kuswali.